KUPAKUA MAFAILI MTANDAONI: TUNAPANDA MBEGU GANI?

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola Mlezi wa viumbe wote, Mwingi wa ujuzi na hikma. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake, masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kwa muda sasa nimekuwa nikiulizwa suala moja kwa sura nyingi. Hapa Pemba, kila tunapomaliza darsa baina ya Magharibi na Isha, hakosekani kijana wa kunisubiri mlangoni na simu yake au kompyuta yake ya mkononi. Mmoja wao, mwanafunzi kutoka Wete, aliliweka wazi zaidi kuliko wenzake: "Maalim, nataka kuanza kupakua mafaili kwa ile njia ya watu kupeana wenyewe kwa wenyewe, ile wanayoiita torenti. Vitabu vimo, darsa zimo, programu zimo, na filamu zimo. Inafaa au haifai?"

Wapo wazee wetu ambao wangemjibu palepale kuwa ni haramu, mambo ya makafiri, aachane nayo. Na wapo vijana wenzake wanaomwambia kuwa cha mtandaoni hakina mwenyewe, achote tu. Makundi haya mawili yametoa hukumu kabla ya kulijua jambo lenyewe, na wanazuoni wa usuli wametufunza kuwa hukumu ni tawi la ufahamu. Asiyelijua jambo hana haki ya kulihukumu. Kwa hiyo nimeona bora tulieleze jambo hili tangu mwanzo, kisha tuliweke mbele ya sharia.

TORENTI NI NINI?

Kwa kawaida mtu akitaka faili kutoka mtandaoni, mashine yake huenda kwenye kompyuta moja kubwa, yaani seva, na kulichukua huko. Ni kama kijiji kizima kuchota maji kwenye kisima kimoja. Wakizidi watu foleni inakuwa ndefu, na siku kisima kikikauka kila mtu anarudi na ndoo tupu.

Njia hii ya kupeana wenyewe kwa wenyewe ni tafauti. Faili hukatwa vipande vidogo vidogo, mara nyingine maelfu, na kila mwenye kipande humpa asiyekuwa nacho. Sisi watu wa Pemba tunaweza kulielewa hili kwa mfano wa mchumo wa karafuu. Shamba moja huingia wachumaji wengi, huyu kwenye tawi lile na yule kwenye mkarafuu ule, na jioni baada ya kuchambua makonyo karafuu zote hukutana kwenye jamvi moja. Mashine yako nayo huchukua kipande kutoka kwa mtu wa Mombasa, kingine kwa mtu wa Jakarta, cha tatu kwa mtu wa London, na mwisho vipande vyote huungwa vikawa kitabu kizima.

Anayeanza huhitaji vitu viwili. Cha kwanza ni programu ya kufanyia kazi hiyo, na zipo zinazotolewa bure na wenyewe kwa ridhaa yao, kama vile qBittorrent na Transmission. Cha pili ni kijifaili kidogo cha torenti, au kiungo kinachofanya kazi hiyo hiyo. Kijifaili hiki hakibebi kitabu chenyewe. Kinabeba maelezo ya kitabu: jina lake, ukubwa wake na alama ya kila kipande. Ukikifungua, programu huanza kuwatafuta wenye vipande popote walipo duniani.

Sasa sikiliza vizuri, kwani hapa ndipo wengi wanapopita bila kupatazama. Kipande cha kwanza kikishafika kwenye mashine yako, programu haisubiri. Inaanza kuwagawia wengine. Na faili likishakamilika, bado inaendelea kugawa mpaka wewe mwenyewe uizime. Wenye fani yao wanamwita mwenye faili kamili anayewagawia wengine mpanda mbegu, na yule anayechukua kisha akakimbia bila ya kutoa wanamwita ruba, yule mdudu wa kunyonya damu. Kwa maana hiyo, katika torenti hakuna kuchukua kusikokuwa na kutoa. Unapopokea kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto tayari unagawa.

ILIKOANZIA

Mwaka 1999 kijana wa Kimarekani Shawn Fanning alitoa programu iitwayo Napster, iliyowawezesha watu kubadilishana nyimbo kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Makampuni ya muziki yaliishitaki, na mwaka 2001 huduma ile ikafungwa kwa amri ya mahakama. Haikuwa vigumu kuifunga, kwa sababu ingawa nyimbo zilikuwa majumbani mwa watu, orodha yake ilikaa sehemu moja. Mwaka huo huo wa 2001 Mmarekani mwengine, Bram Cohen, akatoa BitTorrent, njia ambayo haimtegemei mtu mmoja. Mwaka 2003 huko Sweden ukaanzishwa mtandao wa The Pirate Bay, uliokusanya viungo vya torenti za kila namna, na Aprili 2009 mahakama ya Stockholm ikawahukumu watu wanne kifungo cha mwaka mmoja mmoja na kulipa fidia ya kroni milioni 30.

Angalia ndugu yangu, Cohen hakushitakiwa kwa kubuni njia. Waliohukumiwa ni watu walioitumia kusaidia uporaji wa mali za wengine. Kisu kimoja huchinja mnyama wa udhhiya na huua mtu, na hukumu haikai kwenye chuma.

Kwetu Pemba mambo haya yalichelewa. Tulikuwa tukiishi kwa majenereta ya dizeli mpaka mwaka 2010, ilipozinduliwa kebo ya umeme iliyopita chini ya bahari kutoka Tanga. Mwaka mmoja kabla, 2009, mkonga wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam, na nchi ikaanza kuachana na utegemezi wa setilaiti. Lakini tusijidanganye kuwa kunakili kulisubiri mikonga hiyo. Kabla ya hapo tulikuwa na kaseti za kurikodiwa dukani, zikaja CD, zikaja fleshi, na baadaye ikawa kurushiana kwa simu na kujaziwa memori kadi kwenye vibanda. Torenti ni ndugu wa hayo, ila yeye ana mikono mingi zaidi.

HAPA NDIPO PENYE MZIGO

Katika hadithi sahihi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (SAW) ametufahamisha kuwa mwenye kuanzisha mwendo mwema katika Uislamu atapata ujira wake na ujira wa wale watakaoufuata baada yake, bila ya wao kupunguziwa chochote. Na mwenye kuanzisha mwendo muovu atabeba mzigo wake na mizigo ya watakaoufuata, nao pia hawapunguziwi kitu. Mara ngapi tumeisoma hadithi hii misikitini tukidhani inawahusu wafalme na viongozi wa makundi tu! Wallahi leo inamhusu kijana wa miaka 17 aliyelala chumbani kwake Mkoani huku mashine yake ikigawa.

Chukua mfano. Kijana amepakua filamu yenye uchafu usiotajika. Alitaka aitazame peke yake usiku, kisha atubie asubuhi. Amelala. Programu haikulala. Mpaka adhana ya Alfajiri vipande kutoka kwenye mashine yake vimewafikia watu ishirini katika nchi kumi, na miongoni mwao wapo Waislamu. Alidhani ana dhambi moja ya siri baina yake na Mola wake. Kumbe amefungua duka, na bidhaa anagawa bure. Na lau roho yake ingetoka usiku ule, mashine ingeendelea kugawa huku watu wakimkafini.

Kinyume chake nacho ni kweli. Kijana mwengine amepakua mafaili ya darsa ambazo sheikh mwenyewe ameruhusu zienezwe. Akaiacha programu iendelee kugawa. Kila mtu atakayepata kipande kutoka kwake, akasikia, akasali vizuri zaidi, huyu kijana ana fungu lake akiwa usingizini. Mtume (SAW) ametueleza kuwa mwanaadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemuombea. Nani angefikiri kuwa mlango wa sadaka yenye kuendelea unaweza kuwa ndani ya mashine juu ya meza?

Basi suala la kwanza la anayeanza lisiwe "nitapata nini?" Liwe "nitakuwa nikigawa nini?"

WANAZUONI WANASEMAJE?

Msingi wa suala letu ni katazo la Allah (SW) katika Suratun Nisaa, aya ya 29, kwamba waumini wasiliane mali zao kwa batili, ila iwe biashara kwa kuridhiana. Neno la kulishika hapa ni ridhaa. Lakini je, kitabu, darsa, kasida au programu ni mali?

Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, ilipitisha azimio namba 43 kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa kisharia, zina thamani ya mali, wenyewe wanaweza kuzitumia watakavyo, na haijuzu kuzivamia. Lajna ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia nayo, ilipoulizwa kuhusu kunakili programu za kompyuta ambazo wenyewe wamekataza zisinakiliwe, ilijibu kuwa haijuzu ila kwa idhini yao, kwa kuwa Waislamu wanafungwa na masharti yao na mali ya mtu haihalaliki ila kwa ridhaa ya nafsi yake.

Kwa uadilifu nieleze pia kwamba suala hili lina ikhtilafu. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan hakuikubali haki hii ya watunzi, na mwanawe, Mufti Taqi Usmani, akatafautiana na baba yake na kuikubali. Hii ndiyo adabu ya elimu. Mtoto anamheshimu mzazi na anasema anachokiona kuwa ni haki kwa dalili. Na Sheikh Ibn Uthaymin alilegeza kwa anayenakili kwa matumizi yake binafsi, asiyeuza wala kufanya biashara.

Vijana wetu wameishika sana rukhsa hii ya mwisho. Huniambia: "Maalim, mimi siuzi, natumia mwenyewe." Jawabu langu ni kuwa rukhsa ya matumizi binafsi haiingii katika torenti hata kwa yule anayeikubali, kwa sababu tumeshaona kuwa torenti si matumizi binafsi. Wewe ni mgawaji tangu kipande cha kwanza. Umeomba ruhusa ya kuonja, ukafungua mgahawa.

Juu ya hayo kuna sheria za nchi. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na taasisi ya kuisimamia, COSOZA. Tanzania Bara wana sheria ya mwaka 1999 na COSOTA yao. Kutii utaratibu unaolinda haki za watu, usiomuasi Allah, ni sehemu ya kutekeleza ahadi tulizoamrishwa mwanzoni mwa Suratul Maida.

HOJA ZA VIJANA WETU

Hoja ya kwanza wanayonipa ni hii: "Makampuni haya ni ya Wazungu, wametunyonya miaka na miaka, tukiwachukulia chao si dhambi." Ndugu zangu, hakuna watu waliomdhulumu Mtume (SAW) kuliko makafiri wa Makka. Walimtukana, waliwatesa masahaba zake, walimzingira nyumba wakitaka kumuua. Na usiku ule anatoka kuhama alimwacha Ali bin Abi Talib (RA) azirejeshe amana za watu wa Makka waliozihifadhi kwake. Alikuwa na kila kisingizio cha kuondoka nazo. Hakuondoka nazo. Sasa sisi tunaomfuata tunapata wapi ujasiri wa kusema mali ya anayetudhulumu ni halali yetu?

Hoja ya pili: "Elimu haifichwi, na anayeificha ametishiwa lijamu ya moto." Hiyo ni kweli kwa mwenye kuulizwa elimu akaificha. Lakini kuifundisha elimu ni jambo moja, na jasho la aliyeiandika, akaipanga na kuichapisha ni jambo jengine. Baada ya vita vya Badr, mateka waliojua kuandika na wasiokuwa na mali walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kusoma na kuandika. Kazi ya kufundisha ilihesabiwa kuwa na thamani ya fidia. Na katika Sahihi Bukhari imethibiti kuwa Mtume (SAW) alikubali ujira uliochukuliwa na masahaba kwa kusoma Kitabu cha Allah kama tiba. Elimu haifichwi, lakini mwalimu naye ana watoto wanaokula.

Pambanua pia baina ya matini na kazi iliyofanywa juu yake. Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni mali ya umma, na hakuna atakayekudai kwa kuinakili. Lakini mtafiti wa leo aliyekaa miaka akilinganisha nakala za mkono, akasahihisha na kuweka maelezo, toleo lake ni jasho lake.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa: "Hatuna uwezo." Ni kweli. Programu moja ya kompyuta inaweza kuuzwa kwa bei inayopita mshahara wa mwezi wa mwalimu wa skuli, na anayetaka kujifunza kazi ya mikono ya kompyuta pale Chake Chake ataitoa wapi? Sitaki kumhukumu masikini huku mimi nimekaa kwenye feni. Ila namwambia kuwa Allah hakuifunga njia ya haramu bila kufungua ya halali pembeni yake. Kwa kazi za uandishi na hesabu ipo LibreOffice, inatolewa bure na wenyewe. Kwa mfumo mzima wa kompyuta ipo Ubuntu na ndugu zake wa Linux. Na zote mbili wenyewe wanazitoa hata kwa torenti, tena wanafurahi ukikaa ukawagawia wengine. Mtu atasemaje hana njia, na mlango umeachwa wazi?

ANAYELIA NI JIRANI YAKO

Tukizungumza juu ya hakimiliki akili zetu hukimbilia Marekani. Hebu turudi nyumbani. Namjua mwalimu wa madrasa moja hapa kisiwani ambaye aliwakusanya wanafunzi wake, wakatunga kasida, wakachangishana nauli ya boti na malipo ya studio, wakaenda Unguja kurikodi. Nia yao ilikuwa wauze ili wapate bati za kuezekea madrasa. Kabla ya CD za mwanzo kumalizika, kasida zile zilikuwa zimo ndani ya simu za kisiwa kizima. Vibanda vilijaza watu kwa shilingi mia chache, na wenye vibanda wakapata faida. Marafiki walirushiana. Wengine walizipandisha mtandaoni, tena kwa nia njema, wakisema wanaeneza dini. Harusini zinapigwa, kwenye maulidi zinapigwa. Bati hazikununuliwa.

Nilipomuuliza alinambia neno moja tu: "Sheikh, walionipongeza kwa kasida zile ni wengi kuliko walionunua."

Hakuna Mzungu katika kisa hiki. Aliyechukua ni Muislamu, aliyechukuliwa ni Muislamu, na kilichochukuliwa ni sifa za Mtume (SAW). Watoto wa madrasa ile wakinyeshewa na masika, nani atajibu? Mimi naogopa kuwa siku ya kiyama haki hii haitadaiwa na mtu mmoja kwa mtu mmoja. Kila aliyerusha na kila aliyerushiwa huku akijua ataitwa kwa kiasi chake.

BASI KIJANA AANZEJE?

Yule kijana wa Wete alitaka jawabu la kazi, na nilimpa mambo sita.

Kwanza, asahihishe nia. Ajiulize anachokitafuta kitamsogeza kwa Mola wake, kitamfaa katika maisha yake ya halali, au kitamla wakati tu.

Pili, atafute idhini kabla ya kutafuta faili. Mwenye kazi akiandika kuwa inaruhusiwa kuenezwa, inatosha. Akikataza, imekatazwa. Na mwenye shaka aiache, kwani mwenye kujiepusha na yenye kutatiza ameisalimisha dini yake na heshima yake. Hazina za halali ni nyingi. Kiwix inatoa Wikipedia nzima, ikiwemo ya Kiswahili, ya kusomwa bila intaneti, na inapatikana kwa torenti. Maktaba ya Internet Archive nayo ilianza mwaka 2012 kutoa mafaili yake kwa njia hii, lakini humo pia kila kitabu kitazamwe hali yake.

Tatu, achunguze chanzo. Nilisema kijifaili cha torenti kinabeba alama ya kila kipande. Programu ikipokea kipande hukilinganisha na alama ile, na kisipolingana hukitupa. Nilipoelezwa hili nilikumbuka elimu ya hadithi, jinsi wapokezi walivyopimwa mmoja mmoja. Lakini tahadhari. Alama ile inathibitisha tu kuwa ulichopata ndicho alichokiweka yule wa mwanzo. Haithibitishi kuwa yule wa mwanzo ni mkweli. Kama aliweka kirusi, utapata kirusi kamili, kipande kwa kipande. Kama aliweka kitabu cha dini alichokipunguza na kukiongeza, utapata uongo uliohifadhiwa vizuri. Sanadi hata ikiwa imeungana, ikiishia kwa muongo haifai kitu. Allah (SW) ametuamuru katika Suratul Hujurat tuhakikishe habari anayotuletea fasiki. Kwa hiyo kijifaili kichukuliwe kwa mwenyewe mwenye kazi, na msahafu au kitabu cha dini kipelekwe kwa mwenye ujuzi akitazame kabla ya kuenezwa.

Nne, achunge amana. Intaneti ya ofisi, ya skuli au ya hospitali haikuwekwa kwa ajili ya mafaili yako. Torenti moja inaweza kuwachelewesha wenzako wote, na yule aliyesimama dirishani tangu asubuhi akingoja karatasi yake hajui kuwa anamngoja kijana amalize kupakua.

Tano, ajue gharama. Kwa anayetumia bando la simu, anachogawa kinahesabiwa kama anachopokea. Programu ina sehemu ya kuweka mpaka wa kutoa na wa kupokea. Auweke, asije kumaliza bando la nyumba nzima kisha mama akataka kumpigia mwanawe aliye Maskati akashindwa.

Sita, asitegemee kujificha. Katika torenti anwani ya mashine yako huonekana na wote unaopeana nao. Wapo wanaotumia VPN ili wasionekane. VPN ina matumizi yake ya halali, na tangu mwaka 2023 TCRA imetaka wanaoitumia nchini waiandikishe, lakini haigeuzi haramu kuwa halali. Unaweza kumficha mtu wa Stockholm. Malaika wa bega la kushoto hahitaji anwani yako.

KASETI ZA MASHEKHE WETU

Nataka niseme jambo ambalo limekuwa likinikosesha raha. Katika majumba yetu, Wete, Konde, Micheweni na kwengineko, kuna maboksi ya kaseti zenye sauti za mashekhe waliokwisha tangulia mbele ya haki: tafsiri za Qur'an za Ramadhani, darsa za Safina, khutba, mawaidha ya harusi na maziko. Unyevunyevu unazila, na mashine za kuzisomea zimekuwa adimu. Kila kaseti inayoharibika ni mwalimu anayekufa mara ya pili.

Vijana wanaojua torenti ndio hasa watu wa kazi hii. Waende kwa warithi wa sheikh, waombe idhini, kwa sababu haki hii hurithiwa kama mali nyengine. Wazinakili kwenye kompyuta, waandike jina la sheikh, mahali na mwaka kama unajulikana. Kisha wazitie kwenye torenti, na kila madrasa yenye umeme na intaneti iweke kompyuta moja iwe wakfu, kazi yake ni kugawa. Ikizimika ya Chake Chake, ya Mkoani inaendelea. Ikizimika ya Mkoani, ipo ya Mpemba aliye Mombasa, aliye Maskati, aliye London. Hapo hata jina lile la mpanda mbegu litapata maana yake. Babu zetu walipanda mikarafuu wakijua kuwa huenda wachumaji wakawa wajukuu. Sisi tutapanda nini?

ALIYEKWISHA INGIA

Na kwa aliyekuwa akigawa yasiyofaa, mlango wa toba upo wazi. Lakini toba ya jambo hili ina masharti yake. Aache, yaani aizime programu na ayaondoe mafaili yale, kwani kusema astaghfirullah huku mashine inagawa ni mzaha. Ajute. Aazimie kutorejea. Na kwa kuwa kuna haki ya mja, aitafute njia ya kuirejesha: anunue alichokinakili kama kinanunulika, au amwendee mwenyewe amtake radhi. Yule mwalimu wa kasida hayuko mbali. Shilingi elfu chache na neno la "nisamehe Maalim" leo ni nyepesi kuliko kulipa kwa mema yako siku ambayo hakuna noti wala sarafu. Vile vipande vilivyokwisha fika kwa watu huwezi kuvirudisha. Basi zidisha kupanda mbegu njema mahali pake, huenda Allah akafuta hili kwa lile.

Haya ndiyo niliyoyafahamu. Penye ugumu zaidi wapo wanazuoni wetu, na ipo Ofisi ya Mufti wa Zanzibar ya kurejelewa.

Tunamuomba Allah (SW) atuoneshe haki tuifuate na batili tuiepuke, awahifadhi vijana wetu na shari ya yale wanayoyaona na wanayoyagawa, awarehemu mashekhe wetu waliotangulia, na ajaalie elimu yao isikatike. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.